Wachapaji mabango wa Ngamiani: mchoraji safi, wino wa mashaka

Klabu ya sayansi shuleni kwetu ilitaka bango kubwa la maonyesho, mada ikiwa gesi iliyonaswa ndani ya barafu chini ya milima ya China. Kazi kama hiyo ukiipeleka stationari za kawaida hapa Tanga, watakutolea karatasi za A4 na kukuungia kwa solotepu. Nikaenda kwa hawa wanaochapa fleksi, si mbali na soko la Mgandini. Bei ni shilingi 12,000 kwa mita ya mraba, mchoro unalipiwa mbali. Tulivutana kidogo, wakapunguza.

Sifa zote ni za kijana wa kompyuta. Wengine wanabandika chochote ulichowapelekea, huyu anauliza. Mchoro wangu wa kalamu ulikuwa na mlima na vidoti vya haidreti, yaani hiyo barafu iliyonasa gesi, naye akavihamishia vyote kwenye tabaka la juu la ardhi iliyoganda. "Mwalimu, si barafu hii? Basi ikae kwenye barafu."

Hoja yake ina akili, ila mlima wenyewe unaikataa. Kule Muli, kwenye milima ya Qilian jimboni Qinghai, mita 4,000 hivi juu ya usawa wa bahari, ardhi iliyoganda ina unene wa kama mita 95. Sampuli zilizopatikana kwa kuchoronga kuanzia 2008 zilitoka chini zaidi, kati ya mita 133 na 396. Haidreti inataka baridi na mgandamizo kwa pamoja: ardhi iliyoganda inapoza miamba iliyo chini yake, na kina kinaleta mgandamizo. Alifuta akachora upya bila kununa, kisha kwa hiari yake akaweka rula ya kina pembeni. Hiyo rula ndiyo kitu bora kuliko vyote kwenye bango.

Akataka kujua gesi ilifikaje huko. Nikamwambia Muli ni eneo la makaa ya mawe, na gesi yake si methani tupu, ina ethani na propani pia, dalili kwamba nyingi ilipikwa na joto la chini kabisa ya ardhi. Mchanganyiko huo hata haudai mgandamizo mkubwa kama methani peke yake. Akachora molekuli za maji zimeizunguka gesi kama tenga, na maandishi makubwa: mita 1 ya ujazo ya haidreti ya methani hutoa takriban mita 164 za ujazo za gesi.

Mama mmoja aliyefuata kadi za harusi akasoma kwenye skrini, akauliza kama mtungi utashuka bei. Mama yangu, hiyo bado iko mikononi mwa watafiti! Gesi yetu ya Songo Songo na Mnazi Bay hutoka visimani bila barafu yoyote, na ya mtungi wako inaletwa kwa meli.

Sasa lawama. Bluu ya barafu ilitoka zambarau. Eti wino ulikuwa unaishia. Wangesema kabla sijalipa. Niliahidiwa alasiri, nikakabidhiwa kesho yake baada ya Isha, na tundu moja la kamba lilichanika tulipolitundika.

Nitarudi kwa ajili ya yule kijana, ila kwanza nitadai kipande cha kujaribia rangi. Nendeni asubuhi. Jioni mashine inashikwa na mabango ya harusi na kazi za shule zinasubiri.