Kuokota visukuku Charmouth: inama, usigonge jabali

Kutafuta visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, kwenye ufuo wa Charmouth, Dorset, kusini mwa Uingereza, hakuhitaji nyundo. Majabali yake ni tope la bahari lililogandamana zaidi ya miaka milioni 190 iliyopita, na mchimbaji ni mawimbi. Dhoruba za majira ya baridi huangusha jabali, maji huchukua tope, vizito hubaki kwenye kokoto. Kiangazi watu ni wengi, mavuno haba.

Anzia Charmouth Heritage Coast Centre, kituo cha wageni kwenye jengo lililokuwa kiwanda cha saruji. Kuingia ni bure. Matembezi ya kuongozwa yanalipiwa, na anayeanza asiyakwepe, kwani anachonunua pale ni jicho. Mgeni hukodolea macho mawe makubwa. Mwongozaji huinamia changarawe nyeusi na kuokota kitu cha ukubwa wa kifungo cha shati, chenye mng'ao wa manjano kama shaba mpya. Ni amonaiti, jamaa wa pweza na ngisi aliyeishi ndani ya gamba la kujiviringa. Belemnaiti, zenye umbo la risasi, ni nyingi zaidi: hiyo ndiyo sehemu ngumu ya ndani ya mnyama aliyefanana na ngisi. Pingili ya iktiosauri, mtambaazi wa baharini mwenye umbo la pomboo, ni bahati. Mifupa maarufu ya iktiosauri waliyoipata mtafuta visukuku Mary Anning na kaka yake Joseph, 1811 hadi 1812, ilitoka jirani hapo, Lyme Regis.

Kilicholegea ufuoni, chukua. Kuchimba jabalini hairuhusiwi bila kibali, na kitu cha nadra kinaandikishwa kituoni.

Hatari ni maji. Toka yakiwa yanakupwa, geuka kabla hayajaanza kujaa; kuelekea Lyme Regis yakijaa hufika chini ya jabali na njia hufungwa. Kaa mbali na jabali, hasa baada ya mvua. Tope la Black Ven, jabali la maporomoko kati ya Charmouth na Lyme Regis, hukauka juu tu, buti huzama.

Malalamiko ya "amonaiti yangu imeoza" chanzo chake ni chumvi na unyevu. Ule mng'ao ni pairiti, madini ya chuma na salfa. Ikipata unyevu na hewa hutoa asidi, kisukuku kikawa unga wa kijivu. Kiloweke kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, badilisha maji mara kadhaa, kikaushe kabisa, kisha kifungie kwenye kopo pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Dirisha la bafuni ndiyo sehemu mbaya kuliko zote.