Ukishindwa kulisha farasi, fuga mbuzi: uzoefu wangu na gari la turbo

Jina la gari silitaji. Wenye nalo watalijua kwa mlio, na mimi sitaki kesi na mtu. Sifa zake pia siandiki, ziko kila mahali, anayetaka kujua saizi ya tairi akatafute. Mimi nataka kuzungumzia kibano kimoja cha chuma, kile cha kukazia mpira, ambacho bei yake haifiki sahani ya chipsi mayai, na jinsi kilivyonidhalilisha mbele ya mama yangu mzazi.

Nililinunua mwaka juzi, au mwaka uliotangulia, kipindi ambacho nilikuwa nimelipwa malimbikizo na akili haikuwa nyumbani. Jamaa wa yadi alinijua mapema. "Bosi, hii cc haifiki 2000, ushuru wa bidhaa asilimia 5 tu. Lakini humo ndani kuna farasi zaidi ya 200." Na kweli, TRA wanahesabu cc, yaani ukubwa wa injini; farasi, yaani nguvu yake, hawawahesabu. Injini ikivuka 2000 ushuru ule unapanda hadi asilimia 10, yangu ilikuwa imekomea hatua chache kabla ya mstari. Nikajiona nimeipiga chenga serikali. Ile asilimia 30 nyingine, ya ushuru wa uchakavu, kwa kuwa gari lilishapita miaka kumi, jamaa aliitamka haraka sana, kama mtu anayemeza kidonge.

Basi nikaanza kuwapeleka farasi wangu 200 kazini. Tegeta hadi Posta, kila siku ya Mungu. Pale Mwenge wanasimama wote nyuma ya bajaji. Nguvu wanayokutangazia ile unaipata mshale wa mizunguko ya injini ukikaribia 6,000, na kwenye foleni mshale wangu haukuwahi hata kufika 2,000. Ni sawa na kuajiri wapagazi 200 wakubebee kikapu cha nyanya: kumi wanabeba, waliobaki wamekaa kivulini, na mchana wote wanataka kula. Ukiwa barabara tambarare, mwendo wa 80, gari dogo halihitaji hata farasi 20 kuushikilia mwendo huo. Ishirini! Mimi laki moja ya mafuta ilikuwa inaingia Jumatatu, Alhamisi taa inawaka.

Halafu kuna stika ndani ya kifuniko cha tangi, maandishi ya Kijapani. Nilidhani ni salamu. Miezi kadhaa baadaye ndiyo naambiwa inasema weka petroli ya premium tu, ile ya oktani ya juu wanayouziwa Wajapani. Ukiweka ya chini, injini inaanza kugonga, kompyuta inaona, inachelewesha muda wa kuchoma mafuta ili injini isife, na nguvu inapungua. Kwa hiyo hata hao farasi 200 niliokuwa najisifia kijiweni, sijui kama niliwahi kuwaona wote zizini.

Lakini hayo yote nilivumilia. Tuje Kitonga.

Tulikuwa tunakwenda Ilula, Iringa, kupeleka posa ya mpwa wangu. Nimembeba mama mbele, nyuma mjomba, shangazi na begi la vitenge. Binamu yangu alikuwa na Passo yake ya cc 996, farasi 70 hivi, imejaza watu wanne na gunia la mchele, imeinama nyuma kama mbwa anayekaa. Asubuhi pale Mbezi nilimcheka. Nilimwambia kabisa, "Ukifika Kitonga utupigie tuje kukusukuma." Mashahidi ninao, na ndilo tatizo.

Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu. Tukaanza mlima. Wanaoujua wanaujua: upande mmoja jiwe, upande mwingine bonde, katikati malori ya Tunduma yanatambaa kwa gia ya kwanza, yananuka breki. Nikasema leo ndiyo leo, hapa ndipo farasi wanatakiwa. Lori mbele likanipisha kidogo, nikakanyaga.

Nikasikia *puuu*, kama mtu katoa kifuniko cha sufuria ya ubwabwa. Baada ya hapo hakuna kitu. Nakanyaga, gari linalia, haliendi. Moshi mweusi nyuma. Likatetemeka, likazima. Nikalisukumia pembeni kwa huruma ya utingo mmoja wa lori aliyeshuka na jiwe la kuzuia tairi. Mjomba akauliza kwa upole kabisa, "Farasi wamekwenda kunywa maji?"

Mpira wa turbo ulikuwa umechomoka. Turbo ni feni inayoshindilia upepo ili injini ipate nguvu, na mpira huo ndio unaoupeleka kwenye injini. Kibano kimelegea, shinikizo limekuja, mpira umeruka. Basi. Gari la mamilioni limeshindwa na kitu unachokaza kwa bisibisi.

Nikampigia fundi aliyelihudumia wiki moja kabla. Nikaweka spika ili huku natafuta bisibisi. Kosa kubwa maishani. Nikamweleza, nimesimama Kitonga, nina mama kwenye gari, jua hili. Hata pole hakutoa. Akasema: "Braza, farasi wanataka kulishwa. Ukishindwa kulisha farasi, fuga mbuzi." Akakata.

Mjomba alicheka mpaka akashuka kwenye gari. Shangazi alijifunika na kitenge, mabega yanatikisika. Mama ndiye pekee aliyenihurumia, akasema, "Na mbuzi nao wana gharama, mwanangu."

Na hapo hapo, kwenye kona, ikatokea ile Passo. Taratibu, gia ndogo, inalia kama cherehani, lakini inakuja. Binamu hakusimama kwanza. Alipiga honi mara tatu, akapita, akaenda kutafuta sehemu pana, akarudi kwa miguu kumchukua mama. Akamtoa mtu wake mmoja abaki na mimi, mama akaingia. Farasi 70 wakampandisha mama yangu Kitonga. Sisi tulifika Ilula jioni, posa imeshapokelewa, wali umepoa.

Sasa naomba niulize. Mtu unatoka Tegeta unakwenda Posta, vibao vya 50 kila mahali, trafiki amekaa na tochi chini ya mwembe anasubiri elfu 30 yako. Farasi 200 wa nini? Wajapani wenyewe waliotutengenezea walikubaliana kutotangaza gari linalozidi farasi 280, na makubaliano hayo yalidumu mpaka 2004. Vigari vyao vidogo vya cc 660 vina kikomo cha 64, na nchi inaendeshwa. Sisi wa matuta na bajaji ndio tumekuwa wanafunzi wa mbio? Msinunue. Nasema tena, kwa mtu wa kwenda kazini na kurudi, msinunue. Na yule fundi, Mungu anamwona.

Ila, na hili naliandika huku sipendi, yule fundi siku ile ya huduma alinionyesha vibano. Aliniambia vimechoka vyote vinne, tubadilishe. Mimi ndiye niliyemwambia, "Kaza tu, tutaona mwisho wa mwezi." Oili pia aliitaja ya turbo, nikashika kichwa kwa bei, nikamwambia weka ya kawaida. Kwa hiyo alipotamka mbuzi alikuwa na kumbukumbu. Bado hakupaswa kusema vile kwa mtu aliyekwama na mzazi wake. Angesema pole kwanza, halafu mbuzi.

Na jingine. Kurudi Dar nilikuwa nimeweka vibano vipya vyote. Mama alikataa kupanda Passo, alisema magoti yanamgusa kidevu. Tukiwa tumeshavuka Mikumi, lori refu la tela mbele, nyuma yangu mlolongo wa magari wote wanachungulia kama kuku. Barabara ikanyooka, mbele kweupe. Nikakanyaga. Turbo ikaitika, kile kiti kikanishika mgongo, na nilikuwa nimeshalipita lile lori na kurudi upande wangu kabla mama hajamaliza kusema "taratibu." Binamu kwenye Passo alikuja kulipita baada yangu, nikamwona kwenye kioo amekaa upande wa kulia muda mrefu mno, moyo wangu ukasimama. Pale nilielewa kitu ambacho foleni ya Mwenge haiwezi kukufundisha. Kwa hiyo kama kazi yako ni safari ndefu kila wiki, sijui. Nisikudanganye. Sijui.

Nimelitangaza kuliuza hata hivyo. Juzi alikuja kijana mmoja, ametulia, ana hela mkononi, akaomba kulisikiliza. Nikawasha. Likanguruma asubuhi ile tulivu mpaka jirani akatoka na mswaki mdomoni. Akaniuliza bei ya mwisho. Nikamtajia niliyoitangaza, nikaongeza milioni mbili.

Akaondoka. Mama alikuwa barazani anachambua mchele, wala hakuinua kichwa. "Mbuzi ameshakula leo?" akauliza. Nikachukua ufunguo nikaenda kituo cha mafuta.