Bia ya nyumbani: lita 19 au lita 4?

Wanaopika bia nyumbani kule Marekani wengi wamezoea galoni 5, yaani lita 19: chupa kama 50 kwa mpigo mmoja. Una wageni wengi? Baki hapo.

Kwa matumizi yako mwenyewe, nakushauri galoni 1, karibu lita 4. Sufuria inatosha kwenye jiko la kawaida, na maji ya kimea yanapoa upesi ukiizamisha kwenye sinki lenye barafu. Hopsi mpya (maua yanayoipa bia uchungu) zikikukataa, umepoteza chupa 10 tu.

Muda ndio haupungui sana. Kuchemsha bado ni saa nzima. Na pima kwa makini: gramu 3 za hopsi zikiwa 5, uchungu utausikia. Pakiti ya hamira ya gramu 11 ni ya ndoo kubwa ya lita 19, kwa galoni 1 tumia robo.