Msumeno wa meza niliouziwa bila kisu cha nyuma

Nina hasira na sioni sababu ya kuificha. Duka moja la mashine pale Kariakoo limeniuzia msumeno wa meza uliokwisha kutolewa kisu cha nyuma, kile kibati kinachozuia mbao isirushwe, na nilipokwenda kukidai nikaambiwa nimlete fundi wangu waongee naye. Fundi ni mimi. Napasua mbao zangu mwenyewe uani kwangu Tabata, natengeneza makabati ya jikoni na vitanda vya watoto, na mashine hiyo nimeilipia kwa pesa ya makabati hayo hayo.

Kwa hiyo kama na wewe una pesa mkononi na unataka mashine ya kupasulia ya nyumbani, jibu langu la haraka ni kwamba usinunue hizi. Sijui kama nitabaki na jibu hilo mpaka mwisho, maana mashine yenyewe ina mazuri yake, lakini leo ndilo lililo mdomoni.

Jina la mashine silitaji, na hata ningelitaja lisingekusaidia. Nyingi za hizi ndogo zinatoka viwandani China zikiwa na umbo lilelile, stika ndiyo inabadilika. Zipange tatu dukani uone: meza ileile ya aluminiamu, gurudumu lilelile la kupandishia bledi, stendi ileile ya mabomba. Bei tu ndiyo mbali mbali.

Kabla ya hapo nilikuwa nafikiria meza ya kuchomelea, ile ya mafundi wetu wengi: fremu ya angaiani, bati nene juu, mota ya mtumba chini na mkanda. Ni imara, na mota zile hazipigi kelele kama hizi za brashi. Lakini nina jambo moja nisilolivumilia katika meza zile. Swichi yake ni swichi ya ukutani. Umeme ukikatika katikati ya mbao, unaacha kila kitu unasubiri, na ukirudi bledi inaanza kuzunguka yenyewe, hata kama wakati huo mkono wako unatoa vumbi chini ya meza. Sisi wa Dar tunajua umeme unavyokatika. Mashine ya dukani iliyo kamili ina swichi inayodondoka umeme ukikatika, na ukirudi haiwaki mpaka ubonyeze tena. Hilo peke yake lilinitoa kwenye meza ya kuchomelea. Zile kubwa za chuma cha kalibu ni nzuri kuliko zote, ila nyingine zinataka umeme wa fezi tatu, na nyumba yangu ina fezi moja na LUKU ya kawaida.

Basi nikaenda Kariakoo, ilikuwa mwishoni mwa masika. Mashine ya maonyesho ilikuwa juu ya kaunta bila kifuniko cha bledi na bila kisu. Nikauliza viko wapi. Kijana wa duka akasema, "Viko kwenye boksi dada, hii tumevua ili wateja waone bledi vizuri." Nikaomba boksi lifunguliwe. Akasema boksi halifunguliwi kabla ya malipo, ndiyo sheria ya bosi. Nikalipa, nikadai risiti ya mashine na si ile ya kuandikwa kwa kalamu, nikaomba tena boksi lifunguliwe. Wakalifungua juu juu, wakanionyesha mfuko wa boliti na karatasi ya maelekezo, kirikuu niliyoikodi inapigiwa kelele na askari itoke njiani, na vijana tayari wamebeba mzigo.

Nyumbani nilitoa kila kitu na kukipanga chini kwa kufuata mchoro wa karatasi. Kifuniko cha plastiki kipo. Kijiti cha kusukumia mbao kipo. Fensi, ile reli ya pembeni ya kuongozea mbao, ipo. Kisu hakipo. Na stika ya boksi ilikuwa imekatwa ikabandikwa tena kwa selotepu ya rangi nyingine. Boksi langu lilikuwa limefunguliwa kabla yangu.

Anayesoma hili bila kujua kazi atauliza kisu ni nini hata mtu mzima apandishe presha. Ni kibati cha chuma kilichopinda kufuata duara la bledi, kinasimama nyuma yake kwa karibu sana na kinapanda na kushuka pamoja nayo. Kazi yake ni kuzuia mbao isirushwe. Meno ya mbele ya bledi yanakata kwenda chini, yanaikandamiza mbao mezani, hayo hayana shida. Meno ya nyuma yanapanda. Mbao ikijibana nyuma, ama kwa sababu haikukauka sawasawa na mpasuo unajifunga, ama kwa sababu fensi imeielekeza kwenye bledi, yale meno ya nyuma yanaikamata, yanainyanyua na kumtupia aliyesimama mbele. Bledi ya inchi 10 ikizunguka mara 4,500 kwa dakika, ncha ya jino inakwenda zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Mbao inatupwa na kitu hicho. Na mkono uliokuwa juu ya mbao unavutwa kuelekea bledi.

Mzee aliyenifundisha kazi Keko ana kovu tumboni, chini ya mbavu, la ubao wa mkongo uliorushwa na meza ya kuchomelea. Alilazwa. Mpaka leo akisikia mbao inaanza kulia kwenye bledi ya mtu mwingine, anasogea pembeni hata kama yuko ng'ambo ya karakana. Mimi nimejifunza kwa mtu huyo. Kibati hicho kwangu si pambo.

Sasa sikiliza nilivyopokelewa niliporudi dukani. Kijana yuleyule, safari hii na bosi wake amekaa nyuma anakula. Nikaeleza. Kijana akacheka, akageukia wenzake: "Dada anataka kile kibati cha nyuma." Wakacheka wote. Akaniambia kile hakina kazi, mafundi wote wanakitoa siku ya kwanza kwa sababu kinazuia kukata mifereji. Nikamwambia kisu cha mashine hii kinashushwa chini ya kimo cha meno, mfereji unakatwa kikiwa palepale, karatasi yao wenyewe imechora. Hakuitazama karatasi. Akasema, na haya ni maneno yake, "Mama, wewe mwambie fundi wako aje, tutamwelekeza. Haya mambo ya mashine utajichosha bure."

Nilipoingia kulipa nilikuwa dada. Nilipokuja kudai nikawa mama anayejichosha.

Nikamwita bosi. Bosi hakuacha sahani. Alinyoosha kidole kwenye kibao ukutani, BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Nikamwambia sirudishi bidhaa, nataka iliyobaki. Na wala sidhani kibao cha ukutani kinafuta sheria. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na mimi niliambiwa kwa mdomo kwamba kisu kiko kwenye boksi. Akasema niende nikashitaki. Wakati anasema hivyo droo ya kaunta ilikuwa wazi, na ndani yake, kati ya chaja na funguo za bledi, niliona visu vitatu au vinne vya namna hiyo. Wanavitoa. Sijui wanavifanyia nini, labda wanaviuza kama spea kwa mtu mwingine aliyeibiwa chake. Nilivionyesha kwa kidole. Kijana akaifunga droo kwa goti.

Hiyo droo inaniuma kuliko pesa.

Nilirudi nyumbani nikakaa na mashine bila kuiwasha muda mrefu. Mwishowe nikachora kisu kwenye karatasi nikampelekea fundi chuma Gerezani. Hapa kuna jambo la kuzingatia kama yamekukuta yaliyonikuta. Unene wa kisu hauotewi tu. Lazima kiwe chembamba kuliko njia inayoachwa na meno, la sivyo mbao itakwama juu yake. Na lazima kiwe kinene kuliko bati la bledi yenyewe, la sivyo mpasuo utajifunga kabla ya kukifikia. Bledi yangu meno yanaacha njia ya milimita 2.8, bati lake 1.8, kwa hiyo kisu kilitakiwa kuwa katikati hapo. Yule fundi alipima kwa kalipa bila kunibishia, akakata, akanyoosha, akalainisha kingo kwa msasa, akanipa. Aliniita "fundi" tangu neno la kwanza. Ada yake ilikuwa ndogo hadi nikaona haya, nikamwongezea.

Na hapa ndipo jibu langu la mwanzo linapoanza kutetereka, kwa sababu mashine ile inakata. Nilipasua mbao ya moja kwa nane ya mninga, ikapita kama imepigwa randa, bila alama ya kuungua. Msaji, ambao wenye kazi wanajua unavyokula makali ya bledi kwa sababu una silika, madini kama ya mchanga, ndani yake, ulipita pia, taratibu kidogo. Ubao wa MDF wa milango ya kabati ulitoka pembe mraba mbili tatu mfululizo. Mbao za paina za Mufindi, zile zenye vifundo, haikuziogopa. Kazi ya jioni nzima ya msumeno wa mkono inakwisha kabla chai haijapoa. Nilisimama pale na vumbi usoni nikajisikia furaha tupu, na jirani aliyechungulia ukutani kwa sababu ya kelele aliniagiza meza.

Fensi, kweli, ilinisumbua. Ukiifunga kwa mbele, nyuma inabaki inacheza, na inaelekea ndani kidogo kwenye bledi, yaani upande uleule unaosababisha mbao kurushwa. Kuipima ni rahisi na fanya hivyo kwa mashine yoyote utakayonunua: chomoa plagi, weka alama kwenye jino moja, pima kutoka jino hilo mpaka fensi likiwa mbele, zungusha bledi kwa mkono mpaka jino hilohilo liwe nyuma, pima tena. Namba zifanane. Nusu milimita ni nyingi mno, na ikibidi kukosea, nyuma pawe papana kuliko mbele. Yangu niliilegeza boliti mbili, nikainyoosha, ikakubali. Kila nikiihamisha napima upya. Kwa bei ile naweza kuvumilia hilo.

Jingine la kuangalia ni tundu la bledi. Ya kwangu ni milimita 30, na madukani utakutana pia na za 25.4 na za 15.88 zilizotengenezwa kwa ajili ya mashine za Marekani. Na mashine za Marekani zenyewe, zinazoingia na makontena ya mitumba, ni za volti 120 na umeme wetu ni 230. Usidanganywe na jina kubwa lililoandikwa ubavuni.

Kwa hiyo nilikuwa nimeshaamua kuandika hivi: mashine nunua, duka kimbia. Nilikuwa nimetulia kabisa.

Ila wiki iliyopita binti mmoja ninayemfundisha kazi, ambaye naye ameanza kuweka akiba ya mashine, alipita dukani palepale bila kuniambia kuuliza bei. Akarudi akanisimulia kwamba mashine ya maonyesho bado iko juu ya kaunta, bado haina kisu, na alipouliza kile kibati cha nyuma kwenye mchoro ni cha nini aliambiwa, "Hicho ni cha wanafunzi, ukishakuwa fundi unakitoa." Binti wa miaka 19. Vidole vyake kumi vyote anavyo. Wamarekani wanayo mashine ya SawStop, iliyobuniwa na Stephen Gass mwishoni mwa miaka ya 1990, ambayo bledi ikigusa ngozi inaisikia kwa umeme na kusimama ndani ya sehemu 5 za elfu za sekunde. Mtu anatoka na mkwaruzo. Hatuombi hiyo, bei yake haishikiki. Tunaomba kibati ambacho kiwanda kilishakitengeneza, kikakiweka kwenye boksi, na sisi tukakilipia.

Basi nafuta nilichosema kuhusu kununua. Usinunue mashine hii, dukani kwao wala kwingine, mpaka umekiona kisu kwa macho, umekigusa, kimefungwa mahali pake, na boksi limefunguliwa mbele yako likiwa halijakatwa stika. Wakikwambia boksi halifunguliwi kabla ya malipo, rudisha pesa kwenye pochi na ondoka, hata kama umekodi gari. Nikipewa kisu changu huenda nikalegea tena, kwa kuwa mninga ule kwa kweli ulipasuka vizuri sana. Lakini hawajanipa. Nina risiti, nina picha ya stika iliyobandikwa upya, na barua ya kwenda Tume ya Ushindani nimeshaiandika. Jumatatu naipeleka, nikitoka huko napita dukani na nakala, na safari hii tutaifungua ile droo mbele ya wateja.