Hadubini au saitometa (mashine inayopitisha seli moja moja mbele ya leza na kuzihesabu): ipi ipime makrofaji, seli za kinga zinazomeza uchafu, zinavyomeza seli zinazokufa?

Seli inayokufa huanika nje fosfatidilserini, mafuta ambayo kwa kawaida hukaa upande wa ndani wa utando wake. Kipokezi TIM-4 kilicho juu ya makrofaji huyashika moja kwa moja. Kipokezi kingine, MerTK, huhitaji protini ya kuunganisha, Gas6 au protini S. Ukiondoa seramu (majimaji ya damu yenye protini hizo) na usiongeze Gas6, MerTK itaonekana imelala, na kosa hilo hakuna kifaa kitakachokuonyesha.

Kwa maabara ndogo ya Kampala au Mbarara, hadubini ya fluoresensi, inayoonyesha rangi zinazong'aa, ni nafuu zaidi, na umeme ukikatika, slaidi iliyokwisha kufiksiwa (seli zimegandishwa kwa kemikali) haiharibiki. Osha mara 3 kwa PBS (maji ya chumvi ya maabara) baridi, kisha hesabu makrofaji 200. Macho yatachoka, lakini mara nyingi unaweza kutofautisha seli iliyomezwa na iliyonata pembeni tu.

Hapo ndipo saitometa hudanganya: iliyonata nayo huhesabiwa. Tumia rangi inayong'aa kwenye asidi, kama ile iliyo ndani ya makrofaji seli ikishamezwa, na daima weka sampuli ya nyuzi 4 za Selsiasi, ambako seli hunata bila kumezwa. Ila saitometa hupima seli 10,000 kwa dakika chache.

Sampuli kumi kwa wiki, hadubini inatosha. Zikiwa mia, saitometa inafaa, mradi fundi wa leza na mirija iliyoziba apatikane karibu.