Tahadhari: kostiki iliyochanganywa na magadi, watengeneza sabuni wa Dar kuweni macho

Wapendwa, hasa sisi wa sabuni ya shahamu ya ng'ombe: kuna muuzaji anapita kwenye magrupu ya WhatsApp akiuza kostiki, ile soda kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, kwa bei ya chini kuliko ya Kariakoo. Mimi ameshanila.

Alinitumia picha ya mfuko wa kiwandani wa kilo 25. Nilipolipia kilo 5, bodaboda akaniletea vimfuko vya nailoni vilivyopigwa fundo, havina lebo wala tarehe. Vigamba vya kostiki vilikuwemo, ila katikati yake kulikuwa na unga mweupe. Nikajidanganya kwamba vimesagikia njiani.

Shahamu nilikuwa nayo kilo 10, ya machinjioni Vingunguti, nimeiyeyusha na kuichuja mara mbili ikatoka nyeupe pee. Kila kilo huwa naipimia gramu 134 za kostiki. Siku zote nikiitia kwenye maji, ndoo haishikiki kwa moto. Safari hii ilikuwa vuguvugu tu, kama maji ya kumwogeshea mtoto. Ningeacha palepale, lakini nilikuwa na oda ya watu. Nikakoroga saa nzima na nusu, uji haukushika. Asubuhi nikakuta mafuta yameganda juu, chini maji matupu.

Ndipo nikaipima kwa siki. Vaa glavu, yeyusha nusu kijiko cha chai cha kostiki kwenye maji baridi, acha ipoe, kisha mimina siki nusu kikombe. Matone mawili hayatoshi, kwa sababu kostiki huimaliza siki kwanza, magadi ndiyo yanafuata, na ndiyo yanayofoka. Yangu ilifoka kama soda iliyotikiswa. Kostiki safi iliyokaa wazi nayo hutoa vipovu vichache, hiyo isikutishe sana.

Nilipomwambia muuzaji, akasema eti shahamu yangu ina maji. Nikamtumia video ya siki, akanifungia. Siku mbili baadaye kaibuka na namba mpya, picha ya mfuko ni ileile!

Jirani alinishauri niongeze kostiki kwa kukisia. Msithubutu. Hujui kila kimfuko kimechanganywa kiasi gani, na ikizidi sabuni itamchuna mteja ngozi.

Kama umeletewa vimfuko vya fundo, usivitumie, ila usivitupe. Mimi nimebakiza kilo 3 na ushee, pamoja na ujumbe wa malipo. Nitafuteni inbox, tukifika hata watatu twende kituoni pamoja.