Santuri ya kwanza ya Black Sabbath kwa masikio ya mpiga benga wa Kisumu

Nianze na hukumu ili mwenye haraka asisumbuke: upande wa kwanza wa santuri hii unatosha peke yake kurudisha Sh4,500 nilizotoa. Upande wa pili una mahali ambapo nainuka kwenda kuchemsha chai, na nikirudi nakuta gitaa bado linazunguka palepale.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma pale Kibuye, na mwisho wa wiki napiga gitaa la solo kwenye bendi ya benga. Tunaitwa harusini, tunaitwa matangani, Ahero leo, Bondo kesho. Kwa hiyo sikuijia Black Sabbath, bendi hii ya Uingereza, kama shabiki wa roki. Mwimbaji wao Ozzy Osbourne alipofariki Julai 2025, wiki mbili na kitu tu baada ya onyesho lao la kuagana pale uwanja wa Villa Park, Birmingham, habari zake zilijaa redioni na kwenye simu. Mteja mmoja aliyekuja kuulizia geti lake akaniuliza kama najua kwamba mpiga gitaa wa bendi ile alikuwa fundi wa bati aliyekatwa vidole kazini. Sikujua. Nikataka kuisikia kazi yao ya kwanza, na niisikie kwenye santuri, si kwenye spika ya simu.

Kununua kwenyewe kulikuwa na vituko. Muuzaji yuko Nairobi, nilimpata mtandaoni, nikamtumia pesa kwa M-Pesa, naye akaupandisha mzigo kwenye basi la usiku. Ulifika umeviringishwa kwenye nailoni tu, bila kadibodi, kona moja ya jalada imekunjika na ukingo wa santuri umejipinda kidogo. Nilipompigia hakubisha, alinirudishia nauli ya mzigo. Sindano hairuki, basi nikayaachia hapo. Lakini kama wewe ni wa kukusanya santuri ili wageni wazitazame, dai kadibodi kabla hujatuma hata shilingi.

Ninaipiga kwenye gramafoni aliyoniachia baba pamoja na rundo la santuri ndogo za benga, zile za mizunguko 45 kwa dakika, ambazo wimbo unakatika watu wakiwa wameshika moto na inabidi ugeuze upande wa pili ili uumalizie. Masikio yangu yamelelewa na santuri hizo: wanamuziki wote chumba kimoja, maiki chache, na mmoja akikosea mnarudia wote. Ndiyo maana nilipopata kujua jinsi albamu hii ilivyorekodiwa, nilielewa kwa nini ilinishika tangu mara ya kwanza.

Ilirekodiwa tarehe 16 Oktoba 1969 katika studio za Regent Sound, London, kwa siku moja. Saa kama kumi na mbili hivi, kazi ikaisha. Ni vijana wanne wa Aston, mtaa wa viwanda huko Birmingham: Tony Iommi kwenye gitaa, Geezer Butler kwenye besi, Bill Ward kwenye drams, na Ozzy akiimba. Prodyusa wao, Rodger Bain, aliwaacha wapige kama wanavyopiga jukwaani, Ozzy akiimba wakati huohuo. Nyimbo walikuwa wamezipiga vilabuni mpaka zimewaingia mwilini, hapakuwa na cha kubahatisha. Walipomaliza wakafunganya vyombo, safari ya kwenda kupiga Uswisi ikawangoja. Kengele, radi na mvua unazosikia mwanzoni kabisa ziliongezwa baadaye.

Sasa linganisha na sisi. Bendi yetu iliwahi kurekodi katika studio moja hapa mjini, jina nitalihifadhi. Prodyusa alitaka kila mtu aingie peke yake. Mimi nilipiga solo nikiwa na klik-klik ya kuhesabu mwendo masikioni, mpiga ridhimu akaja kesho yake, drams zikatoka kwenye kompyuta kwa sababu kufunga maiki za drams kulikuwa kazi ndefu. Kila noti ilikaa mahali pake. Tulipoupiga ule wimbo kwenye harusi kule Maseno watu walicheza, tulipowawekea rekodi yake walikaa chini wakaendelea kula. Ningekuwa na uwezo ningempelekea yule prodyusa santuri hii akae nayo chumbani, asikie jinsi Ward anavyoharakisha kidogo pale gitaa linapopanda, na wenzake wanamfuata bila kuulizana. Ile haraka ndiyo inayonyanyua watu kwenye viti. Ukiinyoosha kwa kompyuta, umeitoa roho.

Nirudi kwa vidole, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo. Iommi alikuwa na miaka 17, na ilikuwa siku yake ya mwisho kazini. Aliwekwa kwenye mashine ambayo hakuizoea, ikamkata ncha za kidole cha kati na cha pete cha mkono wa kulia. Yeye anapiga kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo huo wa kulia ndio unaobana nyuzi. Sisi wa Kibuye tunajua mambo haya. Pale kwenye mabanda huwezi kukosa fundi anayekusalimia kwa vidole visivyotimia, na wengi wao waliacha jambo fulani walilokuwa wakilipenda. Msimamizi wake alimletea santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa aliyeungua mkono kwa moto na bado akapiga solo kwa vidole viwili. Iommi akajitengenezea kofia za vidole: aliyeyusha chupa ya plastiki, akaifinyanga kama kidonge, akatoboa kwa chuma cha moto cha kulehemu mpaka kidole kikaingia, akaisugua kwa msasa, juu yake akabandika ngozi ili isiteleze kwenye nyuzi. Nyuzi za kawaida zilimuumiza, akatafuta nyembamba, nyingine za banjo. Nilipomsimulia hayo fundi mwenzangu wa bati, hakuuliza jina la bendi. Aliuliza, "Hiyo ngozi aliibandika kwa gundi gani?"

Watu wengi hudhani uzito wa muziki huu unatokana na nyuzi zilizolegezwa. Kulegeza nyuzi kulikuja kwenye albamu yao ya tatu, 1971. Hapa gitaa limetyuniwa kawaida tu, kama langu. Uzito unatoka kwenye mwendo wa taratibu, ampu (vikuza sauti) za Laney zilizofunguliwa vizuri, na Butler ambaye besi yake inakanyaga palepale gitaa linapokanyaga badala ya kutafuta njia yake. Kwetu besi huzungumza, hujibu, mara nyingine ndiyo inayoongoza. Mwanzoni niliona Butler anakosa ubunifu. Halafu ukafika wimbo wa nne, N.I.B., unaofunguliwa na besi peke yake ikilia kupitia kanyagio la wah-wah, nikaelewa kwamba kule kwingine alikuwa amenyamaza kwa makusudi.

Wimbo wa kwanza, unaobeba jina la bendi, umejengwa juu ya noti tatu. Inaanza G, inarudi G ya juu, halafu inashuka kwenye C iliyopandishwa nusu, inakaa hapo ikitetemeka. Niliujaribu tukiwa mazoezini. Mpiga ridhimu wetu alisimamisha mkono akasema, "Ndugu, hiyo ya tatu irudishe nyuma kidogo, umepitiliza." Sikuwa nimepitiliza. Noti hiyo imewekwa mahali ambapo sikio linasubiri nyingine, na ukiipiga polepole vile, mwili unakataa kutulia. Sisi tungeipita mbio tukielekea kwenye noti nzuri. Wao wamekaa juu yake dakika nzima.

Na ile mvua! Siku ya kwanza nilipoiweka nilifungulia sauti, mlango ukiwa wazi, mchana wa jua kali la Kisumu. Radi ilipopiga, binti wa jirani alitoka mbio kuanua nguo. Alisimama uani na shuka mkononi akitazama juu, mbingu nyeupe pe, halafu kengele ikaanza kulia. Hajanisamehe.

Nyumbani kulikuwa na kesi nyingine. Mama ni Msabato wa tangu zamani, wazazi wake walibatizwa Gendia, na jina lililoandikwa kwenye jalada halikumpendeza hata kidogo. Picha ya mbele ni mwanamke wa nguo nyeusi amesimama mbele ya kinu cha maji cha Mapledurham, kule Uingereza, na rangi zake zimegeuzwa kwa filamu ya infraredi hata majani yanaonekana kama yanaugua. Ukilifungua jalada kuna msalaba uliochorwa kichwa chini. Bendi wenyewe hawakuulizwa kuhusu msalaba huo, kampuni ndiyo iliyouweka, lakini lawama ya ushetani iliwaganda wao. Nilimweleza mama kwamba katika wimbo wa kwanza mtu ameona jambo la kutisha mbele yake na anamlilia Mungu amsaidie.

"Basi amlilie polepole," akasema. "Watu wamepumzika."

Kwa hiyo siipigi kuanzia Ijumaa jioni.

Sifa zangu nyingi ni za Ward. Mpiga drams wetu, mtu asiyesikiliza chochote kisicho cha Kiafrika, alisikia wimbo wa pili, ule ambao Ozzy anapuliza harmonika, akatikisa kichwa: "Huyu ni mtu wa jazi." Ni kweli. Ward alikua akiwasikiliza wapiga drams wa bendi kubwa za swingi za Marekani, na inasikika kwenye mikono yake, hatulii kwenye pigo moja. Wanaonakili muziki huu siku hizi wameuchukua uzito wakaiacha ile swingi, ndiyo maana wengi wao wananichosha.

Upande wa pili unaanza na Evil Woman, wimbo wa bendi ya Marekani iitwayo Crow, ambao vijana hawa walisukumwa kuurekodi ili wapate santuri ndogo ya kuuza. Unasikika hivyo. Si mbaya, ni wa kuazima, na wanaupiga kama watu waliotumwa dukani. Mwishoni kuna Warning, nao wa kuazima, unaopita dakika kumi. Hapo ndipo ninapokwenda kuchemsha chai. Iommi anatanga na gitaa peke yake, anaacha, anaanza upya, na hakuna anayemrudisha nyumbani. Kwenye benga solo ndefu inaruhusiwa kwa sababu kuna mtu anacheza mbele yako, miguu yake inakuambia lini ukate. Studio haina miguu.

Albamu ilitoka Ijumaa tarehe 13 Februari 1970 Uingereza, na ikapanda hadi nafasi ya 8 kwenye chati za huko. Marekani ilifika katikati ya mwaka huo, ikaishia nafasi ya 23 lakini ikakaa kwenye chati zaidi ya mwaka mzima. Wanunuzi waliipenda bila kuombwa. Wachambuzi waliichana. Lester Bangs aliandika kwenye jarida la Rolling Stone kwamba ni kama bendi ya Cream, ila mbaya zaidi, na mchambuzi mwenzake Robert Christgau naye aliiponda. Nimeyasoma maneno ya Bangs nikiwa na santuri inazunguka, na kuhusu Warning namuunga mkono. Kuhusu upande wa kwanza, nadhani alisikiliza akitafuta bendi nyingine, asipoiona akakasirika. Nawajua watu wa aina hiyo hapa mjini. Wanakuja tunapopiga, wanaomba rumba ya Kongo, tukiwapa benga wanasema hatujui gitaa. Leo wachambuzi wengi wa dunia wanaitaja albamu hii kuwa chimbuko la hevi metali.

Kama unanunua, uliza ni toleo la Uingereza au la Marekani. La Marekani lina Wicked World badala ya Evil Woman, na kwangu huo ni wimbo bora mara mbili. Wenye masikio ya gitaa watautafuta kwa sababu nyingine: Iommi aliingia studio na gitaa aina ya Fender Stratocaster, akarekodi nalo huo wimbo, pikapu (ile sumaku iliyo chini ya nyuzi) ikafa, akachukua Gibson SG ya akiba akamalizia nayo kazi yote. Langu ni la Uingereza, kwa hiyo nilikwenda kuutafuta Wicked World kwenye simu. Mlio ni mwembamba zaidi, unauma, na kwa sikio la benga unapendeza kuliko SG. Pikapu ingepona siku ile, sijui roki ingekuwa wapi.

Nyota nne kati ya tano. Nimekata moja kwa ajili ya Warning, na ile kona ya jalada sikuihesabu, hilo ni kati yangu na muuzaji. Mpenzi wa nyimbo za kuimba pamoja aiache, Ozzy haimbi kwa ajili ya kuitikiwa. Mpiga chombo yeyote, hata wa kwaya, aitafute. Na ukiiweka, kagua kitufe cha mwendo kiwe 33. Mpwa wangu aliipiga kwa 45 nikiwa kazini, jioni akaniambia hawa Waingereza wana benga safi, ila mwimbaji ni mtoto.